Midomo Inafunga Mara Nne

Tarehe 4 Februari

Binti yangu,

Kabla hujauliza: nakula, natembea, na masikio bado yamegoma. Mama yako mdogo anakuja kila siku saa nne kunisomesha habari za mtaa kwa mdomo wake. Siku hizi nasoma midomo kama nilivyokuwa nasoma kurasa za majaribio kiwandani, hata kosa dogo halinipiti.

Nakuandikia kuhusu runinga. Kaka yako aliileta mwezi uliopita, pana kama meza ya kulia chakula. Akaitundika ukutani, akaniinulia kidole gumba, akaenda zake. Sikuwa na haja nayo mpaka wiki iliyopita. Unamkumbuka mwenzangu wa kiwanda cha uchapaji, yule aliyekuwa akizunguka na kamera begani kwenye kila sherehe? Anahama nyumba. Kwenye kupakia vitu ameokota mkanda wa siku niliyoagwa kustaafu. Miaka tisa ulikuwa umelala kwenye boksi la viatu. Ameniletea pamoja na deki yake ya zamani.

Mama yako yumo.

Ni dakika ya kumi na moja. Mimi niko mbele nakabidhiwa zawadi, kamera inageukia meza yenu, na yeye ananitazama moja kwa moja, anasema kitu. Mara moja tu, na muda si mrefu kamera inarudi kwangu. Sauti yake haipo. Mama yako mdogo amesikiliza, anasema mwenzangu alifuta sauti zote akaweka muziki wa magitaa juu yake. Kwa hiyo mimi kiziwi na wao wenye masikio tumekuwa sawa.

Lakini mimi nina macho. Tatizo ni picha. Mama yako ametanuka kama amekaliwa, mashavu yanakaribia mabega, na mdomo ni ukungu mtupu. Nimechapa picha miaka thelathini na nne. Picha kama hii ningemrudishia aliyeileta bila kumwangalia usoni.

Wewe kazi yako ni kuwafungia watu sinema majumbani. Mfungie na baba yako. Miezi minane baada ya siku ile alikuwa hayupo tena, nami miezi mitano kati ya hiyo nilikuwa mbali, nikifunga ile mitambo ya uchapaji. Nataka kujua aliniambia nini.

Na usiniambie nitumie ujumbe wa simu. Vidole vyangu vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Andika barua.

Baba yako


Tarehe 15 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisomea juu ya ngazi, projekta ya mtu ikiwa imening'inia kwenye dari kwa skrubu mbili, na mwenyewe chini ananiuliza kwa nini bado sijamaliza. Nikamwambia nasoma maelekezo. Samahani kwa alama ya kidole.

Runinga haina ubaya, na mkanda hauna ubaya. Havijuani tu. Picha ya mkanda ina mistari mia tano na kitu, ya runinga ina zaidi ya elfu mbili. Iliyobaki runinga inabuni yenyewe, na inabuni vibaya. Halafu picha ya mkanda ina umbo la karibu mraba, kioo chako ni kirefu kwa upana, ndiyo maana Mama amevutwa pande zote mbili.

Kuna na jambo la tatu. Picha ya mkanda haiji nzima. Inakuja nusu nusu: kwanza mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, kisha wa pili, wa nne, wa sita. Nusu hamsini kila sekunde. Runinga za zamani zilizionyesha hivyo hivyo, jicho likaziunganisha. Hizi mpya lazima ziziunganishe zenyewe kwanza.

Nakutumia prosesa, kile kisanduku cheusi kilichomo kwenye kifurushi. Kazi yake ni kupokea picha ya zamani, kuunganisha nusu, kuikuza na kuipeleka kwenye runinga ikiwa tayari. Waya wa njano unatoka kwenye deki kuingia nyuma ya prosesa. Waya mpana unatoka kwenye prosesa kwenda kwenye runinga. Kwenye menyu, umbo la picha weka NNE KWA TATU; utaona ukingo mweusi kushoto na kulia, usiuogope. Kwenye namna ya kuunganisha, chagua FILAMU.

Ila usijipe matumaini makubwa, Baba. Mkanda wa miaka tisa, tena wa kamera ya begani. Pengine hakuna cha kusoma pale. Mimi mwenyewe siikumbuki vizuri dakika hiyo, nadhani nilikuwa nimeinuka kufuata vinywaji.

Nisalimie Mama mdogo.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kisanduku chako kimenitesa siku tatu. Siku ya kwanza kioo kilikuwa cha buluu asubuhi mpaka mchana. Nikachomoa, nikachomeka, nikapiga deki kofi. Kumbe runinga yenyewe ina matundu manne ya waya mpana, na lazima uiambie kwa rimoti uko kwenye lipi. Hilo hukuliandika. Wateja wako huwa unawaandikia?

Siku ya pili nikapata picha. Mama yako amerudi kwenye mwili wake. Nilipomwona na shingo yake ileile nilivuta kiti karibu na kioo.

Siku ya tatu nikaanza kazi. Hapo ndipo nilipokasirika. Akitulia, picha ni nzuri. Akianza kusema tu, mdomo unaota meno ya kitana. Mistari inachomoza kulia na kushoto, kama rangi mbili zilizopishana kwenye karatasi kwa sababu mpiga chapa alikuwa anasinzia. Meza imetulia, maua yametulia, ukuta umetulia. Mdomo wake peke yake ndio umechanika, na ndio ninaoutaka!

Hata hivyo nimepata kitu. Midomo inafunga mara mbili. Inafunga, inafunguka, inafunga, kisha inajikunja duara. Nimejaribu maneno mengi mbele ya kioo cha bafuni. Nadhani anasema "mume wangu". Lile la kwanza "mu", la pili "me", halafu ule mviringo ni "wa".

Hakuwahi kuniita hivyo mbele za watu. Alikuwa ananiita "wewe".

Niambie namna ya kuyaondoa hayo meno ya kitana, nipate uhakika.

Baba yako


Tarehe 9 Machi

Shikamoo Baba,

Pole kwa siku tatu. Wateja wangu siwaandikii, nawafungia mwenyewe, kisha wananipigia simu kusema rimoti imekufa, nafika nakuta betri zimewekwa kinyume.

Meno ya kitana yanaondoka. Ingia kwenye menyu, sehemu ya kupunguza chengachenga, pandisha mpaka mwisho. Kisha pandisha na KULAINISHA mpaka mwisho. Mdomo utatulia.

Kuhusu alichosema, nimefikiri sana. "Mume wangu" inawezekana kabisa. Alikuwa anajivunia siku ile. Mimi ningekuwa wewe ningeishia hapo nikauweka mkanda mahali pakavu, maana kila ukiurudisha nyuma unalika. Deki ile ni nzee, siku moja itautafuna na tutakosa hata hicho tulichonacho.

Kazi zimenibana, siwezi kuja mwezi huu.

Mwanao


Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Mimi mama yako mdogo, na unajua siandiki barua mpaka jambo linishinde.

Baba yako hatoki kwenye kile kiti. Nikifika saa nne namkuta na rimoti mbili, moja kila mkono. Nikimwekea chakula anakula bila kuangalia sahani. Alifanya ulivyomwambia, na meno ya kitana yakaondoka kweli, lakini na mdomo umeondoka nayo. Sasa dada yangu ana uso laini kama yai lililomenywa. Mzee alitupa rimoti kwenye kochi, akaniambia kwa ile sauti yake ambayo haijisikii: "Huyu mtoto ananiambia nipake mafuta kwenye kioo cha miwani ili nione vizuri."

Ananikalisha kwenye kiti mbele ya dirisha niseme maneno, yeye anatazama mdomo wangu, halafu anatazama kioo. "Mume wangu." "Mwenzangu." "Umependeza." Tumefika mpaka "maembe". Jana nilimwambia sasa basi, nikalia mbele yake. Akanipa leso, kisha akaniomba niseme tena "umependeza".

Nami nikuulize, maana mimi sikuwepo siku ile. Wewe ulikuwa umekaa naye meza moja. Dada yangu hakuwa mtu wa kusema na hewa. Hukumbuki kweli alichosema? Kama unakumbuka, mwambie baba yako. Kama ni neno baya, mwambie vilevile. Sidhani kama lipo neno baya kuliko kumwona mtu mzima akihesabu mdomo wa marehemu.

Mama yako mdogo


Tarehe 25 Machi

Binti,

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa chini ya povu la kifurushi. Maandishi madogo kama mchanga, uchapaji mbovu, wino umefifia. Nimekisoma chote, kwa sababu mimi husoma kila kilichochapwa.

Ukurasa wa kumi na tisa: "FILAMU itumike kwa picha zilizopigwa kwa filamu ya sinema tu. Kwa mkanda uliopigwa kwa kamera ya video isitumike, kwani nusu mbili za picha zilipigwa kwa nyakati mbili tofauti, na zikiunganishwa kinachotembea kitachanika."

Nimeusoma mara mbili. Kamera ya begani ni kamera ya video. Wewe unajua. Uliiandika mwenyewe kwenye barua yako ya kwanza, "kamera ya begani", mistari michache tu chini ya pale uliponiambia nichague FILAMU. Mimi ningefundisha mtu kupanga karatasi kinyume kwa bahati mbaya? Na ule ulainishaji, ulidhani sitaona?

Nimeondoa FILAMU, nikaweka VIDEO. Nimeshusha ulainishaji mpaka sifuri. Kila nusu sasa inakuzwa peke yake na kuonyeshwa kwa zamu yake, hamsini kwa sekunde. Mdomo wa mama yako umeanza kutembea kama mdomo wa mtu.

Midomo inafunga mara nne. Haifungi mara mbili. Si "mume wangu".

Ukurasa wa thelathini wa kitabu cha runinga unasema runinga huikuza picha kidogo na kukata kingo zake pande zote. Nikaizuia. Chini ukatokea ukanda wa vurugu, vumbi jeupe linacheza. Na kushoto likatokea sikio. Sikio, hereni, na kipande cha shavu. Hereni zile nilikununulia mimi.

Mama yako hakuwa anasema nami. Alikuwa ananitazama mimi, anasema na wewe. Na hukuwa umeinuka kufuata kinywaji chochote.

"U-si-mwa-mbi-e ba-ba ya-ko." Nimeisema mbele ya kioo cha bafuni. Mara nne. Nimemwambia na mama yako mdogo aiseme. Mara nne.

Baada ya hapo anainua glasi, inaficha mdomo. Kisanduku hakiwezi kuitoa glasi. Ni wewe tu unayejua kilichopo nyuma yake.

Usiniambie nini?

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo nikijua sistahili kuitikiwa.

Jumanne ya wiki ile nilimsindikiza Mama hospitali kuchukua majibu ya vipimo. Wewe tulikwambia tumekwenda kwa fundi cherehani. Daktari alisema pole kabla hatujakaa. Mama akamuuliza muda, akaambiwa pengine mwaka, pengine pungufu. Tulipotoka akanunua karanga, tukala tukitembea, hakusema kitu mpaka Ijumaa, pale mezani, wakati wewe unapokea zawadi yako.

Alisema: "Usimwambie baba yako. Akijua hatakwenda."

Nyuma ya glasi hakuna zaidi. Maneno mawili tu, "akijua hatakwenda".

Unajua alikuwa anasema nini. Miaka mingi ulikuwa unasema unatamani siku moja watu wakukabidhi mitambo mipya, uifunge mwenyewe, uwafundishe watu kuchapa bila kuharibu karatasi. Barua ya kukuita ilikuwa imekuja mwezi huohuo. Wiki mbili baadaye ukaondoka. Mama alikukunjia mashati. Mimi nilikubebea begi mpaka kituoni, na kila hatua nilikuwa na neno mdomoni. Ukaniambia, "Mtunze mama yako." Nikasema sawa.

Uliporudi baada ya miezi mitano alikuwa ameshakuwa yule uliyemkuta. Ulinishika mabega ukaniuliza, "Imeanza lini?" Nikasema imeanza ghafla. Baba, tangu siku ile nimekuwa nikijibu maswali yako yote kwa uangalifu mkubwa. Nadhani ndiyo maana siji nyumbani mara kwa mara. Si kazi.

Barua yako ya Februari ilinipa homa. Sikuweza kukunyima msaada, ungejiuliza kwa nini. Nikakupa kisanduku na mipangilio mibovu. Ni aibu yangu mara mbili, kama mtoto na kama fundi. Ulipoandika "mume wangu" nilifurahi, nikasema afadhali, abaki na hilo. Ni zuri kuliko la kweli.

Sijui kama niliharibu kwa kutokusema au ningeharibu kwa kusema. Nimejiuliza miaka tisa. Kila nikifunga kioo kwa mtu, familia nzima ikakaa mbele yake inacheka, najiuliza.

Nisamehe, kama inawezekana.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Barua yako nimeipokea.

Miezi mitano.

Sina la kuandika sasa hivi.

Baba yako


Tarehe 24 Aprili

Shikamoo Baba,

Wiki mbili nimepita ofisi ya vifurushi kuulizia barua yako kila siku nikitoka kazini. Yule dada wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijafika.

Najua hasira yako ni haki yako. Lakini hii ya kunyamaza siiwezi. Nigombeze. Niandikie kurasa kumi za kunigombeza, nitazisoma zote. Jana nimefunga waya za watu kinyume, sauti ya kulia ikaenda kushoto, mteja akanicheka. Sikuweza hata kucheka naye.

Nataka kukuambia kitu kimoja ambacho sikukisema. Mara ya mwisho, Mama alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilimuomba aniachie nikwambie kwamba nilijua. Akakataa. Akasema, "Atakukasirikia wewe kwa sababu mimi sitakuwepo wa kukasirikiwa." Nilidhani anaogopa. Sasa naona alikuwa anahesabu vizuri tu.

Kama hutaki kuandika, mwambie Mama mdogo aandike hata neno moja.

Mwanao


Tarehe 6 Mei

Binti yangu,

Marahaba.

Nimechelewa kwa sababu kila nilipokaa kuandika niliandika matusi, na mama yako mdogo akachana. Sasa karatasi zinakaribia kwisha, lazima nitumie hii vizuri.

Nina hasira. Nina hasira na wewe kwa miezi mitano, na kwa jibu la "imeanza ghafla", na kwa ule upuuzi wa FILAMU, ambao sitausahau mpaka naingia kaburini. Nina hasira zaidi na mama yako, ambaye hana anwani. Alikata shauri peke yake kuhusu maisha yangu huku ananitazama usoni. Mitambo ile niliifunga, watu wakapongeza, na leo siwezi hata kukwambia ilikuwa ya rangi gani. Ningeiacha siku hiyohiyo. Ndiyo, nisingekwenda. Alinijua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jana asubuhi niliwasha tena. Nilitaka kumwona nimgombeze, hata kama hanisikii, kwani hata mimi sijisikii. Nikaurudisha mkanda, nikaugandisha, nikauachia. Mdomo ule nimeshauona mara nyingi mno, macho yakachoka, yakateleza pembeni.

Yakaangukia kwenu. Kwenye lile sikio. Sikuwahi kuliangalia, nilikuwa naliona kama ushahidi tu. Nikausogeza mkanda pole pole. Mama yako anamaliza kusema, anainua glasi. Wewe hugeuki. Unakaa tu, kama sekunde mbili hivi. Kisha, pale ambapo siku zote nilikuwa naurudisha mkanda nyuma, watu wote wanasimama kunipigia makofi, nawe unasimama, na ukisimama unaingia kwenye picha uso mzima. Unapiga makofi. Unanitazama mimi kule mbele na unacheka kwa meno yote, na machozi yanashuka mpaka kidevuni, nawe huyafuti, maana ukiyafuta nitajua.

Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Nakumbuka nilikuona. Nilikuwa nimeshika zawadi yangu kama mjinga, nikakuona kwa mbali unavyocheka, nikasema moyoni, huyu mtoto leo amefurahi kuliko hata mimi.

Sitaki uniandikie tena kuhusu jambo hili. Kwenye barua unajipanga sana, unafuta, unaanza upya, naona alama za ufutio. Panda gari uje. Mwambie huyo mteja asubiri sinema yake. Nimeshaweka viti viwili pale dirishani, mahali penye mwanga. Utakaa kimoja, mimi kingine, na utaniambia kwa mdomo wako lile ulilokatazwa kuniambia. Sema polepole, usiinamishe kichwa. Nitakusoma.

Baba yako